Mashine Iliyotoka Chumbani

Somo la historia kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mashine moja iliyozaliwa kubwa kama nyumba, ikapungua kimo mwaka hata mwaka, kisha ikaondoka mahali pake na kuingia mahali petu: ukutani, mlangoni, dukani, njiani, na katika mfuko wa kanzu. Mashine hiyo ni kompyuta.

Watu wengi wakisikia neno kompyuta hufikiri juu ya sanduku lenye kioo, limewekwa juu ya meza, na mtu ameketi mbele yake. Picha hiyo si ya uongo, lakini imekuwa ya zamani. Leo kompyuta nyingi hazina meza wala kiti. Zimo ndani ya vitu vingine, nawe wazitumia bila kuzitaja jina. Basi na tufuatane hatua kwa hatua tuone jambo hili lilitoka wapi, ni nani waliolifikiri kwanza, na limeleta faida gani na taabu gani. Tena, tunapokwenda, ushike swali moja kama msafiri ashikavyo fimbo yake: Je, kitu hiki naweza kukiweka kando nikitaka? Mbele kidogo utaona kwa nini swali hilo lina uzito.

Mashine iliyokaa chumbani

Katika mwaka 1946, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, ilionyeshwa mbele ya watu mashine ya kufanya hesabu iliyoitwa ENIAC. Uzito wake ulikuwa tani 30 hivi, na ndani yake zilikuwamo valvu za kioo zaidi ya 17,000. Ilijaza chumba kizima. Wakati ule mtu aliyetaka msaada wa kompyuta ilimbidi kuiendea. Yenyewe haikumwendea mtu, wala haikujua kama mtu yupo au hayupo.

Miaka ishirini na miwili baadaye, yaani katika mwaka 1968, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Ivan Sutherland, pamoja na wanafunzi wake, walitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani. Kifaa kile kilikuwa kizito, hata kikafungwa kwa chuma kilichoning'inia kutoka darini. Mtu aliyekivaa aliona chumba kama kilivyo, na hapo hapo aliona mistari ya nuru iliyochorwa na kompyuta, mathalani sanduku tupu linaloelea hewani. Akigeuza kichwa, sanduku lilionekana upande wake mwingine, kana kwamba limo kweli mle chumbani. Kwa mara ya kwanza kazi ya kompyuta ilionekana kukaa mahali pamoja na meza na viti.

Katika miaka ya 1970 Mmarekani mwingine, Myron Krueger, alikwenda mbele zaidi. Katika vyumba vyake mtu hakuvaa chochote. Kamera ilimtazama, kivuli chake kikatokea ukutani, na picha za kompyuta zikakijibu kivuli kile: ukinyosha kidole, mchoro ulikuja kidoleni. Wengi waliona kazi hii kuwa mchezo. Lakini tazama mabadiliko yaliyomo: zamani mtu aliitazama mashine, na sasa mashine ilianza kumtazama mtu.

Bwana Weiser na mfano wa mashine ya kusaga

Mtu aliyelipa jambo hili jina na maana ni Mark Weiser. Alizaliwa Chicago mwaka 1952, na mwaka 1987 akaingia kazini katika maabara ya kampuni ya Xerox, watengenezaji wa mashine za kunakili karatasi. Maabara hiyo ilikuwa Palo Alto, California. Mwaka 1988 yeye na wenzake walianza kazi waliyoiita kwa maana ya "kompyuta kila mahali." Mnamo Septemba 1991 Weiser aliandika makala mashuhuri katika jarida la Scientific American, akaeleza jinsi alivyofikiri kompyuta zitakavyokuwa katika karne ya 21.

Fikira yake kubwa ilikuwa hii: chombo kilichofaulu kweli ni kile ambacho watu wamekwisha kusahau kwamba kipo. Alitoa mfano wa maandishi. Hapo kale kuandika kulikuwa kazi ya makarani wachache. Leo maandishi yamo juu ya mfuko wa sukari, ubavuni mwa basi na mlangoni mwa duka, nawe wayasoma bila hata kukusudia kusoma.

Mfano wake wa pili ulikuwa wa mota, nami nitaueleza kwa jambo unalolijua. Bila shaka umeona mashine ya kusaga nafaka: injini moja, mkanda mrefu, na jiwe linalozunguka. Viwanda vya kale vya Ulaya na Marekani vilikuwa hivyo, ila kwa ukubwa zaidi. Injini moja ilizungusha mhimili mrefu uliopita darini, na mikanda mingi ikashuka kwa kila mashine ya mfanyakazi. Injini ile ikisimama, kiwanda kizima kilisimama. Ulipokuja umeme, kila mashine ikapata mota yake. Kisha mota zikawa ndogo na rahisi, zikaingia ndani ya vitu. Weiser alitaja kwamba motakaa ya kawaida ya siku zake ilikuwa na mota 22: za kuwashia injini, za kufutia kioo, za kufungia milango, na kadhalika. Dereva hazihesabu wala hazifikiri. Yeye anaendesha tu. Weiser alisema kompyuta nayo itafuata njia hiyo hiyo.

Wala hakuishia kwenye maneno. Yeye na wenzake walitengeneza vifaa vya namna tatu. Vidogo vilikuwa vya kutosha kiganjani, vya kati vilikuwa kama ukurasa wa karatasi, na vikubwa kama ubao wa darasani. Alitazamia chumba kimoja kuwa na vidogo zaidi ya mia, vya kati kumi au ishirini, na mbao moja au mbili. Na kama karatasi ya kuandikia isivyo na mwenyewe maalumu, unaiokota, unaandika, unaiacha, ndivyo alivyotaka vile vya kati viwe.

Katika miaka ya 1990 palikuwa na kitu cha ajabu katika maabara ile. Msanii Natalie Jeremijenko alining'iniza kamba ya plastiki ya futi 8 hivi kutoka darini, akaifunga kwenye mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mawasiliano ya kompyuta za jengo. Habari zikipita kwa wingi katika waya, kamba ilizunguka kwa kasi na kuvuma. Zikiwa chache, ilicheza kidogo tu kama mkia wa ng'ombe aliyelala. Watu walipita njia yao, nao wakajua hali ya kazi bila kusoma herufi moja. Weiser alipenda sana kamba ile, kwa sababu ilimwarifu mtu bila kumsumbua. Mwaka 1995 yeye na mwenzake John Seely Brown waliandika juu ya teknolojia ya namna hii, inayokaa pembeni kwa utulivu. Weiser alifariki mwaka 1999, naye ana umri wa miaka 46 tu, asiwahi kuiona simu tuliyo nayo mfukoni leo.

Beji ya Cambridge

Sasa tuvuke bahari mpaka mji wa Cambridge, Uingereza. Huko, kati ya mwaka 1989 na 1992, katika maabara ya kampuni ya Olivetti, Roy Want, Andy Hopper na wenzao walitengeneza beji ya kuvaa kifuani. Upana wake ulikuwa milimita 55 kila upande, na uzito wake gramu 40, yaani mwepesi kama barua nene. Kila sekunde 15 beji ile ilitoa ishara fupi kwa mwanga usioonekana kwa macho, mwanga wa namna ile itumiwayo na rimoti ya televisheni. Vipokezi viliwekwa vyumbani na katika njia za ndani. Kila beji ilikuwa na ishara yake peke yake. Basi kompyuta ilijua kwamba fulani yuko chumba hiki, na fulani ametoka anakwenda maktaba.

Ilikuwa kwa faida gani? Kwanza kwa ajili ya karani wa simu. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa chache. Mgeni akipiga simu kumtaka mfanyakazi, karani alipata taabu kumtafuta jengo zima. Kwa beji alitazama orodha kwenye kioo, akaona mtu yuko wapi, akapeleka simu chumba kile kile. Kazi ikawa rahisi, na walioizoea waliipenda.

Lakini mara moja swali likazuka. Ikiwa karani anaweza kuniona niko wapi, je, bwana mkubwa hawezi? Je, ataweza kuhesabu nimekaa dakika ngapi chooni, na nimezungumza na nani, na kwa muda gani? Watengenezaji wenyewe walilijua swali hilo na kuliandika waziwazi katika taarifa yao. Walisema kwamba mtu aweza kuvua beji.

Tena ndani ya beji walitia kitu kidogo kinachosikia mwanga. Beji ikiwekwa gizani, iliacha kutoa ishara. Kusudi lao lilikuwa kuokoa betri: mfanyakazi akiondoka jioni aiweke beji katika mtoto wa meza, yaani droo, ilale mpaka asubuhi. Lakini angalia jinsi jambo dogo lilivyokuwa na maana kubwa. Droo ile ilikuwa mlango wa uhuru. Mtu aliyetaka asionekane hakuhitaji kuandika barua ya maombi wala kumwomba mkubwa ruhusa. Alifungua droo, akatia beji, akafunga, akaenda zake.

Basi hapo ndipo fimbo yetu ya safari inapoota mizizi. Tangu sasa, kila kifaa tutakachokutana nacho, tukiulize: Droo yako iko wapi?

Birika la kahawa

Katika mji huo huo wa Cambridge, ndani ya maabara ya kompyuta ya chuo kikuu, mwaka 1991 palitokea kisa cha kuchekesha. Palikuwa na birika moja la kahawa kwa watu wengi, waliotawanyika katika vyumba na ghorofa mbalimbali. Mtu alishuka ngazi akitamani kahawa, akakuta birika tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaelekeza kamera kwenye birika, wakaandika programu ya kuonyesha picha yake kwenye kompyuta ya kila mmoja. Picha ilikuwa ndogo, nukta 128 kwa 128, tena isiyo na rangi. Ilitosha kuonyesha kama kahawa ipo.

Mnamo Novemba 1993 picha ile ikaunganishwa na intaneti, na watu wa mabara mengine ambao hawangekunywa kahawa ile hata tone wakawa wanaitazama. Kamera ilizimwa Agosti 2001, na birika lenyewe likauzwa kwa mnada kwa pauni 3,350. Likanunuliwa na jarida la Kijerumani, Der Spiegel, upande wake wa intaneti. Twacheka, lakini tujifunze. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya majirani wa jengo moja kilifika ulimwenguni kote bila birika kusogezwa hata shubiri. Birika halina siri. Mtu anazo.

Mraba wa Japani

Baada ya hapo viwanda vilianza kuona faida. Mwaka 1992 wahandisi Tom Caudell na David Mizell wa kampuni ya ndege ya Boeing walieleza mpango wa miwani iliyomwonyesha fundi mahali pa kupitisha kila waya wa ndege, juu ya kazi yenyewe, ili asihitaji kutazama ramani nyingi.

Lakini uvumbuzi uliofika mbali kuliko huo ulitoka Japani. Mwaka 1994, katika kampuni ya Denso iliyotengeneza vipuri vya motakaa, Masahiro Hara na wenzake walimaliza kubuni alama iitwayo msimbo wa QR. Mashine ya kiwandani ilikuwa ikisoma mistari myeusi ya zamani, ambayo iliweza kubeba herufi na tarakimu chache tu. Sanduku moja la vipuri lilihitaji mistari mingi, na wafanyakazi walichoka kuisoma mmoja mmoja. Inasemwa kwamba Hara alipata wazo akitazama mchezo wa Go, ambao huchezwa kwa kete nyeusi na nyeupe juu ya ubao wa mirabamraba. Mraba aliouchora uliweza kubeba tarakimu 7,000 hivi. Katika pembe tatu alitia miraba mikubwa kidogo, ili mashine ijue upande wa juu ni upi hata karatasi ikiwekwa kichwa chini. Kampuni yake ikaamua kutodai haki yake ya uvumbuzi kwa wale wanaoutumia kwa taratibu zilizokubaliwa, na kwa sababu hiyo ukaenea ulimwenguni.

Siku hizi huenda umeuona mraba huo kwenye ukuta wa duka, katika kadi ya arusi au kwenye tiketi. Ni karatasi tu. Haina betri, haisikii, haioni. Simu yako ndiyo inayoona. Kwa hiyo droo yake ni rahisi: usipoelekeza simu, hakuna lililotendeka. Hata hivyo uwe na hadhari. Mwizi aweza kubandika mraba wake juu ya mraba wa mwenye duka, na jicho la binadamu haliwezi kuutofautisha. Kabla ya kulipa, soma jina la mpokeaji.

Wanyama wasioonekana

Mpaka hapo kompyuta ilikuwa imejua chumba. Haikuwa bado imeijua njia ya kwenda sokoni. Jeshi la Marekani lilikuwa na setilaiti za kuonyesha mahali, nao raia wa ulimwengu waliruhusiwa kuzitumia, lakini ishara yao iliharibiwa kwa makusudi, ikawa inakosea kwa mita kama 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuiharibu. Tangu siku ile chombo cha raia kikaweza kujua njia aliyopo, si mtaa tu. Zilipokuja simu zenye kamera na kipokezi cha setilaiti, ulimwengu mzima ukawa kama chumba cha Bwana Weiser.

Julai 2016 ukatoka mchezo wa simu uitwao Pokémon Go. Mchezaji alitembea kwa miguu yake mwenyewe, na simu ikamwonyesha wanyama wa kubuni wamesimama mbele yake, juu ya nyasi au kando ya mlango. Watu walitoka nje, wakatembea, wakajuana. Hiyo ilikuwa faida. Lakini wanyama wale walitokea pia mahali pa huzuni. Makaburi ya askari ya Arlington, na nyumba ya makumbusho ya mauaji ya Wayahudi mjini Washington, waliwaomba wageni wasicheze hapo. Wenye nyumba fulani nchini Marekani walikwenda mahakamani, wakilalamika kwamba wageni wanakusanyika mlangoni pao wakitafuta kitu ambacho mwenye nyumba hakioni.

Tazama neno hili jipya katika historia. Zamani aliyetaka kuweka kitu katika uwanja wako ilimbidi kupita langoni na kupiga hodi. Sasa mtu aliye mbali anaweza kukiweka kitu hapo bila hodi, na watu wakakifuata. Mwenye kiwanja hana droo, kwa maana kifaa si chake.

Toronto yakataa

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa mji wa Toronto, Kanada. Oktoba 2017 kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu wa kampuni ya Google, ilitangazwa kuwa mshirika wa kujenga mtaa mpya kando ya ziwa, mahali paitwapo Quayside, penye ukubwa wa eka 12 hivi. Mtaa ule ungekuwa na vihisi njiani na majumbani, vya kuhesabu magari na watu, kupima hewa, kuangalia takataka na matumizi ya moto na maji. Walioupenda walisema utapunguza msongamano na kuokoa nguvu za umeme. Nao hawakusema uongo: mambo hayo yawezekana.

Lakini wananchi waliuliza: Habari zitakazokusanywa zitakuwa mali ya nani? Bibi Ann Cavoukian, aliyewahi kuwa kamishna wa kulinda siri za watu katika jimbo la Ontario, alikuwa mshauri wa mpango huo. Alitaka kila habari iondolewe jina la mtu pale pale inapopatikana. Alipoona kwamba kampuni nyingine zitakazoshiriki haziwezi kulazimishwa kufanya hivyo, alijiuzulu mnamo Oktoba 2018. Wakazi waliendelea kufanya mikutano na kupinga. Mei 2020 kampuni iliuacha mpango, ikitaja taabu za uchumi zilizoletwa na maradhi ya korona.

Kwa nini watu wa Toronto walishikilia hivyo? Kwa sababu beji yaweza kuvuliwa, na simu yaweza kuachwa nyumbani. Lakini njia ya kwenda kazini haivuliwi. Ikiwa njia yenyewe ndiyo inayotazama, mtu ataweka nini katika droo?

Na kwetu je?

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya Palo Alto na Toronto peke yake. Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianza huduma ya M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2008 ikafika Tanzania kwa njia ya Vodacom. Fikiri mambo yanavyokwenda. Unafika katika kibanda cha wakala chenye meza ya mbao. Unampa noti mkononi. Yeye anabonyeza, na tarakimu zinaongezeka katika simu yako. Mama yako, aliye safari ya siku moja kutoka hapo, anakwenda kwa wakala mwingine na kupokea noti nyingine. Kompyuta hatukuiona, lakini kibanda kile kimekuwa mlango wake. Ndoto ya Weiser ilikuwa ya ofisi yenye mbao za nuru. Kwetu ilitimia kandokando ya stendi ya basi.

Chukua pia mita ya umeme ya kulipia kabla ya kutumia, ambayo Tanzania huitwa LUKU. Unanunua umeme, unapewa tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita. Wengi hudhani mita inaulizana na ofisi. Mita nyingi za namna hii haziulizani na mtu. Tarakimu zile ni barua ya fumbo, iliyoandikwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Mita inaifumbua, inasoma kiasi cha umeme, inakumbuka kwamba barua hii imekwisha kutumika, na haiikubali mara ya pili. Jirani akizibonyeza kwenye mita yake, zinakataliwa. Huyo ni mhasibu mdogo anayekaa ukutani usiku na mchana.

Faida ni kubwa. Hakuna bili ya kushtukiza mwishoni mwa mwezi, wala safari ya kubeba fedha gizani. Lakini tuulize swali letu: Droo iko wapi? Mtu aliye na beji ya Cambridge aliweza kuivua asipoteze kitu ila simu moja. Mtu asiyetaka pesa za simu leo atapata shida kulipa umeme, kupokea mshahara wa kibarua au kuchangia msiba. Anayeiweka kando mashine hii anajiweka kando ya wenzake. Kwa hiyo, pale ambapo droo haipo tena, yapasa pawepo kitu kingine mahali pake. Kitu hicho ni sheria, tena ni elimu.

Sheria zimeanza kuja. Kenya na Uganda zilipata sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Kwa ufupi sheria hizi zasema kwamba anayekusanya habari zako lazima awe na sababu ya haki, akuambie sababu hiyo, wala asizitumie kwa kazi nyingine kama apendavyo. Nawe unayo haki ya kuuliza ana habari gani juu yako, na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa.

Elimu ni kazi yetu sisi wenyewe. Kuna wazee wengi ambao hawaoni vizuri tarakimu, au hawakujifunza kusoma, nao humpa mjukuu au wakala simu pamoja na namba ya siri. Si kwamba ni wajinga. Wamelazimika kupita mlango ambao hawakufundishwa kuufungua. Wakati wa Weiser mashine nzuri ilikuwa ile inayosahaulika. Kwa mzee huyu mashine haisahauliki hata kidogo, maana kila siku inamkumbusha kwamba lazima amtegemee mtu. Kumfundisha mtu kama huyo kubonyeza namba yake ya siri kwa kidole chake mwenyewe ni kumrudishia sehemu ya droo yake. Kwa hiyo nakusihi wewe uliyeweza kusoma karatasi hii mpaka hapa: tafuta mmoja katika jamaa au jirani zako, umfundishe kwa subira. Usimshike simu. Mwache aishike mwenyewe.

Historia tuliyoisoma leo ni ya miaka chini ya mia moja. Katika muda huo mashine imetoka kuwa kitu tunachokiendea, ikawa kitu kinachotujia, tena kinachotujua. Waliotengeneza hatua za kwanza walikuwa watu wenye nia njema, na mara nyingi waliona hatari mapema na kuitaja. Lakini nia njema ya mtengenezaji haihamii kwa kila mwenye kununua. Ndiyo maana kila kizazi hakina budi kuuliza upya.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Tajeni vitu vitano katika mtaa au kijiji chenu vilivyo na kompyuta ndani yake, ingawa haviitwi kompyuta. Kila kimoja kinajua nini juu ya mtu anayekitumia?

2. Katika vitu hivyo, ni kipi mtu anaweza kukiacha bila hasara? Ni kipi hawezi kukiacha?

3. Kama kampuni ingetaka kuweka kamera na vihisi katika soko lenu ili kuzuia wizi, mngeiuliza maswali gani kabla ya kukubali? Nani apewe ufunguo wa kuzizima?

4. Kila mshiriki amtaje mtu mmoja atakayemfundisha kutumia namba yake ya siri mwenyewe kabla ya mkutano ujao. Katika mkutano huo aeleze amefika wapi.